MOSHI NI SHAHIDI: JINSI YA KUCHUNGUZA INJINI YA DIZELI ILIYOPUNGUKIWA NGUVU

Gari la dizeli linapopungukiwa nguvu, mshtakiwa wa kwanza aghalabu huwa pampu ya mafuta. Hufunguliwa, hupelekwa kwa fundi wa pampu, hulipiwa fedha nyingi, kisha hurudishwa mahali pake. Na gari likifika mlimani hushindwa kama lilivyoshindwa jana. Chanzo cha hasara hii ni kuanza matengenezo kabla ya uchunguzi. Makala haya yanakusudia kumpa msomaji, awe mwenye gari, dereva au mwanafunzi wa ufundi, njia ya kuichunguza injini kwa utaratibu, akianzia mambo mepesi yasiyo na gharama na kumalizia yaliyo mazito.

Injini ya dizeli inavyofanya kazi

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huvuta hewa tupu ndani ya silinda, kisha huigandamiza mpaka ujazo wake uwe sehemu moja ya kumi na sita, au hata ya ishirini na mbili, ya ujazo wa awali. Kila aliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda, lakini kwa kiasi kikubwa zaidi: joto la hewa hufikia nyuzi za Sentigredi 500 na kuendelea. Wakati huo nozeli hunyunyiza mafuta kwa matone madogo kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Msingi huu ndio alioutumia mhandisi wa Kijerumani Rudolf Diesel. Injini yake ilipopimwa huko Augsburg mwaka 1897, ilionekana kugeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za siku zile hazikukifikia.

Kutokana na maelezo hayo tunaona kwamba injini hii inahitaji mambo matatu: hewa ya kutosha, mgandamizo wa kutosha, na mafuta safi yanayofika kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Injini iliyopoteza nguvu, kwa kawaida, imepungukiwa na mojawapo ya hayo.

Hewa ni chakula cha kwanza

Ili lita 1 ya dizeli iungue yote, inahitaji takriban lita 10,000 za hewa, yaani hewa ya kujaza chumba chenye urefu wa meta 2, upana wa meta 2 na kimo cha meta 2.5. Hicho ni kipimo cha chini kabisa. Kwa hakika injini huhitaji zaidi, kwa kuwa mafuta hayapati muda wa kuchanganyika barabara na hewa yote iliyomo. Hebu fikiri, basi, chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya changarawe linavyoikaba injini.

Hata mahali gari lilipo huathiri jambo hili. Gari linalotoka Dar es Salaam, pwani, likapanda mlima Kitonga hadi Iringa, hufika mahali penye kimo cha zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Injini ya zamani isiyo na turbo, na ambayo pampu yake haina kifaa cha kurekebisha mafuta kulingana na mwinuko, huendelea kupewa mafuta yale yale ya pwani ilhali hewa imepungua. Si ajabu ikatoa moshi mweusi kidogo na kupoteza nguvu. Hali hiyo si ugonjwa.

Hapa ndipo tunapoona hatari ya desturi moja iliyoenea, yaani kukaza skrubu ya pampu ili mafuta yaongezeke. Ikiwa kinachopungua ni hewa, mafuta ya ziada hayataleta nguvu. Yatageuka masizi, yatapandisha joto la injini, na kumaliza fedha za mwenye gari.

Ushahidi wa moshi

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kasoro ya injini aghalabu ni rangi ya moshi wake.

Moshi mweusi ni masizi, yaani kaboni isiyoungua. Maana yake ni kwamba mafuta yamezidi hewa, au hayakunyunyizwa vizuri. Shuku chujio la hewa, mpira wa turbo uliopasuka, na nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza.

Moshi mweupe unaowasha macho ni mafuta yaliyopata joto bila kuwaka. Ukitokea asubuhi kwa muda mfupi kisha ukatoweka, chunguza plagi za kupashia joto. Ukiendelea hata injini ikiwa moto, shuku mgandamizo hafifu au mafuta yanayonyunyizwa kwa kuchelewa. Lakini ikiwa kinachotoka ni mvuke mwingi na maji ya rejeta yanapungua kila siku, yaelekea gasketi ya kichwa cha silinda imeungua.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Imepita kwenye ringi za pistoni zilizolika, au kwenye sili za valvu au za turbo.

Gari likikosa nguvu wala lisitoe moshi wowote, ujue kwamba mafuta hayafiki ya kutosha. Ushahidi huu hupuuzwa mara nyingi, ingawa ndio wenye tiba rahisi kuliko zote.

Utaratibu wa uchunguzi

Kwanza, uliza. Je, kasoro ilianza ghafla au polepole? Ilianza baada ya kujaza mafuta mahali fulani, au baada ya matengenezo? Ringi hazichakai kwa siku moja; chujio la mafuta laweza kuziba kwa saa moja.

Pili, tazama hewa. Toa chujio ulikague kwenye mwanga, kisha upapase mabomba yote ya hewa kutafuta nyufa.

Tatu, fuata njia ya mafuta kuanzia tangini. Toa maji yaliyokaa chini ya chujio la mafuta, na ulibadilishe likiwa chafu. Tazama kama kitundu cha kupumulia tangi kimeziba, na kama waya wa akseleta unafika mwisho wake. Unganisha kipande cha mpira unaopenyeza mwanga kwenye bomba linaloingia katika pampu. Ukiona viputo, hewa inavujia ndani. Mafuta yenyewe nayo yaweza kuwa na hila. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hulainisha kidogo mno, na pampu inayotegemea dizeli kwa ulainishaji husagika. Ni kwa sababu ya uchakachuaji wa namna hiyo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji ilianza kutia vinasaba katika mafuta nchini Tanzania mwaka 2010.

Nne, pima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Tofauti kubwa kati ya silinda na silinda huonyesha penye ugonjwa.

Tano, na hapo tu, zipelekwe nozeli na pampu kupimwa kwenye mtambo wake.

Tahadhari kuhusu injini za kisasa

Kwenye injini za zamani fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine wakati injini inanguruma polepole. Mlio usipobadilika, silinda hiyo haifanyi kazi. Jambo hilo lisifanywe kamwe kwenye injini zenye bomba moja la pamoja la kanieneo kubwa, zilizoenea katika magari madogo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Humo mafuta yaweza kufikia kanieneo ya hewa mara 2,000, na mchirizi wake hupenya ngozi ya mtu na kumwumiza vibaya. Injini hizo huchunguzwa kwa kompyuta. Hata hivyo, kompyuta hutaja kipimo kisichokuwa sawa, nayo haiondoi wajibu wa kutafuta sababu. Ikisema kanieneo ya mafuta ni ndogo, haisemi kama mkosaji ni pampu ya bei kubwa au chujio la bei ndogo.

Faida ya uchunguzi huu haiishii mfukoni mwa mwenye gari. Mwaka 2012 chombo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi mweusi unaotoka katika gari bovu huvutwa na mama auzaye matunda kando ya barabara na mtoto angojaye basi la kwenda shule, ambao hawana sauti katika matengenezo ya gari hilo. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, na tuusikilize kwanza ushahidi wa moshi.