Mbwa wangu mlafi amenenepa, nifanyeje?

SWALI: Daktari, nina mbwa mdogo wa kike. Hachagui: ugali wa muhogo, makombo ya dagaa, hata korosho msimu ukifika. Siku hizi akitembea kidogo tu anahema. Nimpunguzieje chakula bila kumtesa? – Msomaji, Kitangari

JIBU: Mpapase mbavuni. Ukizigusa kirahisi, uzito wake si mbaya. Ukilazimika kubonyeza, amezidi. Kama mbavu zinaonekana lakini tumbo limevimba, shuku minyoo au mimba, si unene.

Nina shaka kubwa na hizo korosho. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, kina kalori zaidi ya 160, karibu theluthi ya mahitaji ya siku ya mbwa wa kilo 8. Ziache kabisa. Ugali mpimie kwa kikombe kilekile asubuhi na jioni, upunguze kidogo kidogo, uongeze dagaa waliochemshwa bila chumvi na mchicha au boga. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe. Mtu mmoja tu nyumbani amlishe. Watoto wakimtupia matonge kwa siri, kazi yote ni bure.

Mpime kila wiki: panda mizani umembeba, kisha peke yako, utoe. Akipungua gramu 100 hivi kwa wiki, inatosha. Mtembeze alfajiri, kabla ya jua kali.

Akihema hata akiwa amelala, au akikohoa, usisubiri apungue; mpeleke kwa afisa mifugo mara moja.