Kwa Nini Kompyuta Huwa Nzito Tunapogeuza au Kukuza Skrini ya Nje?

Wengi wetu huunganisha skrini ya pili kwenye kompyuta mpakato, iwe ni kwa kuandika tasnifu au kuonyesha maneno ya nyimbo parokiani. Mara kompyuta iliyokuwa nyepesi inakuwa nzito: mshale unasuasua, ukurasa unashuka kwa kukwamakwama. Wengine huamua papo hapo kwamba imezeeka, inunuliwe nyingine. Lakini falsafa hutufundisha kutofautisha dalili na chanzo. Basi tutafute chanzo.

Kwanza ni idadi ya nukta za mwanga, yaani pikseli. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Skrini ya 4K, ya 3840 kwa 2160, ina nukta 8,294,400, mara nne kamili. Kwa kawaida skrini huonyesha picha 60 kila sekunde, hivyo kila picha ina takribani milisekunde 17 tu za kuandaliwa. Ikichelewa, tunaona mkwamo.

Pili ni ukuzaji. Katika macOS, tukiipa skrini ya 4K mwonekano wa 2560 kwa 1440, kompyuta huchora kwanza picha ya 5120 kwa 2880, yaani nukta 14,745,600, kisha huipunguza ili ienee kwenye skrini. Tukichagua mwonekano wa 1920 kwa 1080, ambao ni nusu kamili kila upande, hatua hiyo ya kupunguza haihitajiki.

Tatu ni mgeuzo. Tukiisimamisha skrini wima, yenyewe kwa kawaida huendelea kupokea nukta kwa mpangilio wake uleule wa mistari. Kompyuta ndiyo inayopaswa kuzipanga upya. Baadhi ya kadi za picha hufanya hivyo bila taabu. Katika mifumo mingine, picha hunakiliwa kwanza kwenye kumbukumbu, na hapo uzito huingia.

Tusisahau waya. HDMI 1.4 hupitisha picha za 4K 30 tu kwa sekunde, hata kompyuta ikiwa na nguvu kiasi gani.

Tufanyeje? Tubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Turudishe skrini mlalo katika mipangilio. Uzito ukiisha, chanzo ni mgeuzo. Usipoisha, tuchague mwonekano wa nusu kamili. Bado? Tuangalie kama skrini imewekwa kwenye 60 au 30, na kama waya unaimudu. Mwisho, tusasishe programu endeshi ya kadi ya picha.

Tukibadilisha yote kwa pamoja, kompyuta inaweza kupona nasi tusijue kilichoiponya. Mwezi ujao tutaanza upya. Tukienda hatua kwa hatua, huenda tukagundua kwamba kinachohitajika ni waya tu. Michango ya waumini itumike baada ya kupata jibu, si kabla.