Kuchagua Kebo Yenye Ala ya Metali kwa Umeme Unaofichwa Ukutani

Wananchi wanaojenga au kutengeneza nyumba zao katika Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya kusimamia majengo ya umma, wanaombwa kulizingatia somo hili kabla fundi hajaanza kuchimba ukuta. Waya ukishafukiwa na lipu kupigwa juu yake hauonekani tena. Kosa lililofanywa siku ya kuulaza hudhihirika baada ya miaka, na mara nyingi anayedhurika ni mtu asiyehusika kabisa: mpangaji anayepigilia msumari wa kutundikia saa, au mtoto anayeugusa msumari huo baadaye.

Kebo ya kawaida ya nyumbani ina nyaya tatu za shaba, yaani waya wa moto, nyutro na waya wa ardhi ambao mafundi huuita ethi. Kinachozihifadhi ni plastiki tu, na msumari huipenya plastiki bila ya taabu. Msumari ukiugusa waya wa moto peke yake, hakuna kinachokatika. Taa huendelea kuwaka kama kawaida, na msumari hubaki ukutani umebeba volti 230 ukimngoja wa kuugusa.

Kebo yenye ala ya metali imetengenezwa kwa ajili ya hatari hiyo. Nyaya zote za ndani zimezungukwa na ganda la metali ambalo linapaswa kuungwa na ethi. Msumari hauwezi kuufikia waya wa moto pasipo kwanza kulitoboa ganda hilo. Kwa hiyo unapoufikia huwa umekwisha kuuunganisha na ardhi, na umeme hukatwa mara moja. Ifahamike kuwa ala nyembamba haikusudiwi kuuzuia msumari usiingie. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa umeme unakatika wakati msumari unapoingia.

Aina zake si nyingi. Ipo kebo yenye utando mwembamba wa aluminiamu chini ya plastiki ya nje. Hiyo ni nyepesi, hupindika kwa urahisi, na ndiyo inayofaa zaidi kwa vyumba vya kawaida. Ipo kebo iliyozungushiwa nyaya za chuma, ambayo ni imara mno lakini ni nene na ngumu kupinda, hivyo huhitaji mfereji mpana. Ya tatu ni ile yenye bomba la shaba lililojazwa unga wa madini, ambayo hustahimili moto lakini ni ghali na huhitaji fundi aliyeizoea. Mnunuzi asichanganye kebo hizi na zile za antena ya televisheni au za kompyuta. Hizo nazo zina ala, lakini ala yake ni ya kuzuia mikwaruzo ya mawimbi, na hazikutengenezwa kubeba umeme wa nyumba. Wapo pia wanaotaka ala kwa kuhofia mawimbi ya umeme chumbani mwa kulala. Ala iliyoungwa na ardhi hupunguza uga wa umeme lakini haiuzuii uga wa sumaku, na kwa somo hili hiyo si sababu ya kutoa fedha za ziada.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni ardhi yenyewe. Ala isiyoungwa na ardhi iliyo njema haina faida, na yaweza kuongeza hatari. Ichukuliwe nyumba inayotegemea fimbo yake ya shaba iliyopigiliwa uani, na fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 20. Msumari ukiunganisha waya wa moto na ala, umeme utakaopita ni volti 230 kugawanya kwa omu 20, yaani ampia 11.5 tu. Sakiti breka ya ampia 32 haitakata kwa kiasi hicho hata kidogo. Matokeo yake, ala na kila chombo cha metali kilichoungwa na ethi hiyo, likiwemo jokofu na pasi, vitapanda volti. Hatari iliyokuwa kwenye msumari mmoja sasa imeenea nyumba nzima. Katika maeneo ya maweni, ambako udongo ni haba na fimbo haiingii kina cha kutosha, ukinzani huwa mkubwa kuliko huo, hasa wakati wa kiangazi.

Dawa yake inajulikana. Ni swichi ya kukata umeme unaovuja, inayowekwa kwenye bodi ya sakiti breka na yenye kiwango cha miliampia 30. Swichi hiyo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ikiona upungufu, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hata ardhi yenye ukinzani wa omu 200 hupitisha zaidi ya ampia 1 katika hitilafu, kiasi ambacho kwa swichi hiyo ni kikubwa mno. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba ambaye fedha zake hazitoshi kwa yote aanze na swichi ya uvujaji na fimbo ya ardhi iliyopimwa kwa chombo, kisha ndipo afikirie ala. Akinunua kebo ya ala na kuyaacha hayo mawili, amenunua jina tu. Hata hivyo swichi peke yake huchelewa kwa namna moja: bila ya ala, inangoja mpaka mtu auguse msumari ndipo umeme uvuje kupitia mwilini mwake. Penye ala, hukata msumari unapoingia. Tofauti hiyo ndiyo inayoihalalisha gharama, hususan katika skuli, zahanati na ofisi, ambako mbao za matangazo na picha hupigiliwa na kila mtu.

Kina cha kufukia nacho kina hesabu yake. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa Visiwani wamefundishwa kwazo, zinauhesabu waya uliofukiwa chini ya milimita 50 kutoka usoni mwa ukuta kuwa umo katika hatari ya msumari. Waya wa namna hiyo upite wima au mlalo moja kwa moja kutoka kwenye swichi au soketi, ili anayeiona soketi ajue pa kuepuka. Vinginevyo uwe na ala iliyoungwa na ardhi. Njia ya mshazari, ambayo fundi huipenda kwa kuwa inaokoa mita chache, haifai kabisa kwa kebo ya kawaida. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, mfereji mrefu wa mlalo hudhoofisha ukuta, na kazi ya aina hiyo huhitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi kabla ya kuanza.

Chokaa mbichi hula aluminiamu, na chumvi ya mchanga wa pwani huozesha chuma. Kwa hiyo plastiki ya nje ya kebo isikwaruzwe wakati wa kuivuta, na mchanga uliochotwa ufukweni usitumike kwa lipu ya kufunikia mfereji. Kebo ikipitishwa ndani ya paipu ya plastiki itakuwa salama zaidi, na siku ya kuibadilisha ukuta hautavunjwa.

Unene wa waya huchaguliwa kwa kazi: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 6 au zaidi kwa jiko la umeme, kulingana na mzigo na urefu wa njia. Mnunuzi aukwangue waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukionekana mweupe chini ya wekundu, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba; hupitisha umeme kwa uhafifu, hupata joto kwenye maungio, na haufai kufichwa ukutani.

Fundi akimaliza kulaza, aonyeshe kuwa ala imeungwa na ethi katika kila kisanduku, kwani wapo wanaoukata utando wa aluminiamu pamoja na kiwaya chake kitupu na kuviacha vikining'inia. Kisha kebo ipimwe kwa volti 500 kati ya nyaya zake na ala, kabla ya lipu na baada yake. Kipimo kisipungue megaomu 1. Mwenye nyumba apige picha za kuta zikiwa wazi, pamoja na futi iliyonyooshwa kando ya mfereji, na nakala ya picha hizo ikae ndani ya bodi ya sakiti breka ambamo mpangaji au fundi ajaye ataikuta. Swichi ya uvujaji nayo ibonyezwe kitufe chake cha kujaribia walau mara mbili kwa mwaka. Isipokata, ibadilishwe siku hiyo hiyo.