Vidokezo 7 Kabla Hujailisha Modeli Taarifa za Wateja

Una kliniki, Saccos au duka la mtandaoni, na jumbe za wateja zimejaa kwenye kompyuta. Fundi wako wa programu anashauri mzitumie kufundishia modeli ya akili unde ijibu maswali yenyewe. Wazo zuri. Ila jumbe zile zimebeba magonjwa, madeni na namba za simu za watu, na sheria ya kuzilinda ipo: Kenya ilitunga yake 2019, Tanzania 2022. Taarifa ikishazama ndani ya modeli, kuitoa ni kazi ya kutoa jasho, kwa hiyo jipange mapema.

1. Kumbuka ulipewa kwa ajili gani. Aliyekuachia namba ili aletewe mzigo hakuitoa iwe somo la mashine. Kusudi likibadilika, rudi ukamweleze, tena kwa lugha anayoielewa.

2. Ridhaa hainunuliwi. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni wapigwe picha za mboni na mradi wa Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Makosa yalikuwa pamoja na kuwavuta watu kwa malipo na kuanza bila tathmini ya athari kwa faragha. Tathmini hiyo hufanywa kabla ya kazi, si baada ya kelele.

3. Chukua kidogo. Kufuta majina hakutoshi. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kuwa jinsia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya eneo la posta vinatosha kuwatambua mmoja mmoja asilimia 87 ya Wamarekani. Kwetu ni rahisi zaidi: andika “mwalimu mkuu wa kike” na jina la kijiji, kila mtu kashamjua.

4. Kilicho hadharani si cha bure. Kampuni ya Clearview AI ilizoa mabilioni ya picha za nyuso mtandaoni. Italia ikaitoza faini ya euro milioni 20 mwaka 2022, na Uholanzi euro milioni 30.5 mwaka 2024. “Nimeikuta Facebook” si kibali.

5. Kwa watoto, afya na fedha, ongeza ulinzi. Mwaka 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na hapo hakukuwa na modeli yoyote. Tanzania, miamala ya fedha ya mtu nayo imo kwenye taarifa nyeti, kwa hiyo Saccos isijione iko salama.

6. Ichokonoe kabla ya kuiachia. Modeli hukariri. Watafiti waliichokoza modeli ya lugha ya GPT-2 kwa maswali, ikatapika majina, namba za simu na barua pepe za watu halisi zilizokuwemo kwenye maandishi iliyofundishiwa. Mpe mtu mjanja siku chache ajaribu kuifanya yako ibwabwaje. Siri zikivuja licha ya hayo, sheria ya Kenya inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

7. Andika kila taarifa imetoka wapi. Mteja anaweza kudai zake zifutwe. Mwaka 2021 nchini Marekani, kampuni ya Everalbum iliamriwa kufuta picha za watumiaji pamoja na modeli zilizotengenezwa kwa picha hizo. Bila daftari la vyanzo, huwezi kujua ukate wapi, na huenda ukalazimika kuitupa kazi yote.

Kama huna muda wa vyote saba, anza na cha 3. Taarifa usiyokuwa nayo haiwezi kuvuja, haiombewi ridhaa, wala haikupeleki kwa Kamishna.