Kijana Akabidhiwapo Kadi Yake

Katika nchi yetu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kwa ajili hiyo watoto wengi waliozaliwa na virusi, ambao zamani wangalizikwa kabla ya kuanza shule, leo ni vijana. Twamshukuru Mungu. Lakini furaha hiyo imezaa kazi mpya.

Mtoto wa Kilosa au wa Mikumi aliyefiwa na mama mara nyingi hulelewa na bibi. Bibi ndiye atunzaye kadi, ndiye ajuaye tarehe, ndiye ahesabuye vidonge, na mjukuu akiuliza, hujibiwa, "Ni dawa ya kifua." Miaka yapita. Siku moja kijana aambiwa kwamba sasa ni mkubwa, aje siku ya watu wazima. Huko muuguzi aliyemzoea hayupo. Kwenye benchi aketi kando ya jirani, pengine kando ya mwalimu wake. Aulizwa jina la dawa, hajui. Aona haya, arudi nyumbani, na mwezi wa pili haendi. Dawa zikikatizwa, virusi huongezeka tena mwilini, huweza hata kuzizoea dawa zisifae kitu, na mwenzi wake wa baadaye huwa hatarini. Ilhali amezaye kila siku, hata kipimo kisione virusi, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Bibi alificha kwa mapenzi, hatumlaumu. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba mtoto aambiwe hali yake angali katika umri wa shule ya msingi, kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili yake. Sheria yetu nayo, tangu marekebisho ya mwaka 2019, yamruhusu mwenye miaka 15 kupimwa kwa ridhaa yake mwenyewe. Je, aweza kupimwa, ila hawezi kujua ameza nini?

Hospitali ya Mikumi yaitwa kwa jina la Mtakatifu Kizito, aliyeuawa Namugongo mwaka 1886 akiwa na miaka kama 14. Twamwomba kijana huyo atuombee, kisha twawanyima wa rika lake neno la kweli!

Basi matayarisho yaanze mapema. Afikapo miaka 12, aingie kwa daktari peke yake dakika chache, bibi angoje nje. Aendapo shule ya bweni, awepo mlezi mmoja ajuaye siri na kuitunza. Apatapo kazi katika nyumba za wageni za Mikumi, kando ya barabara kuu, achukue barua ya uhamisho kabla ya kupanda basi. Na siku ya kwanza ya kliniki ya wakubwa, muuguzi wake wa zamani amsindikize.

Twawauliza wahudumu jambo moja: kijana akihamishwa, nani huhakikisha kwamba alifika? Jina lisifutwe huku kabla halijaandikwa kule. Asipoonekana, apigiwe simu, au atumwe mtu amjuaye kabla mwezi haujaisha, naye asitaje ugonjwa mlangoni.