Amiga 500: Fungua Kifuniko Kabla Hujalipa

Amiga 500 ya kampuni ya Commodore iliingia sokoni mwaka 1987, na hadi leo ina wapenzi wanaoitafuta kwa michezo, kwa muziki, au kwa hamu tu ya kuijua. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi.

Amiga ziko aina kadhaa. Nianze na ipi?

Anza na 500 ya kawaida. Wengi huikimbilia 1200 ya mwaka 1992 kwa sababu ina kasi maradufu na megabaiti 2 za kumbukumbu. Ni mashine nzuri, ila kapasita zake ndogo zilizobandikwa juu ya bodi huvuja maji yanayokula njia za shaba. Ukiinunua, weka kando na pesa za fundi wa kuzibadilisha. 600 nayo ina ugonjwa huohuo.

Na 500 Plus?

Hiyo ya mwaka 1991 betri yake ya saa imelehemewa kwenye bodi kuu. Usiichukue bila kuiona bodi kwa macho.

Kwani betri ina shida gani?

Huvuja, na hapo ndipo mashine nyingi hufia. Kwenye 500 ya kawaida, betri huwa kwenye kadi ya kuongezea kumbukumbu, kama ipo. Pindua mashine, fungua kifuniko cha chini, uivute kadi taratibu. Niliwahi kufungua moja iliyong'aa kwa nje kama ya jana. Ndani, pembeni mwa kipipa cha betri, kulikuwa na unga wa kijani umetambaa hadi kwenye pini za chipu. Nilipoigusa moja kwa bisibisi, ilikatika kama kijiti kikavu. Weupe wa plastiki usikudanganye. Betri ikiwepo, ikate uitoe hata kama haijavuja. Palipovuja, sugua kwa mswaki uliochovywa siki kidogo, maana maji ya betri hiyo ni alkali. Kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa.

Umeme wa nyumbani utaifaa?

Soma lebo ya pawa saplai. Ya Uingereza au Ujerumani hufanya kazi Kenya na Tanzania. Ya Marekani ni ya volti 120 hivi, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240 itaungua. Pima pia kwa mita: waya wa volti 5 ukizidi 5.25, usiiunganishe na mashine.

Mbona picha inatoka nyeusi na nyeupe?

Tundu la video la duara kwenye 500 halitoi rangi. Tumia waya wa RGB, na kama televisheni ni ya kisasa, tafuta kigeuzi cha kwenda HDMI.

Niongeze nini kwanza?

Kumbukumbu. Mashine ilitoka na kilobaiti 512. Ifikishe megabaiti 1, kwa sababu michezo mingi ya miaka ya 1990 inaidai. Kisha weka kifaa kiitwacho Gotek mahali pa kisomaji cha flopi, usome kutoka kwenye flashi. Flopi moja ya Amiga ni kilobaiti 880, kwa hiyo flashi ndogo hubeba mamia. Kadi za kuongeza kasi zinaweza kungoja.

Flopi za zamani ukizipata, usizitupe. Zinakili mapema, kwani sumaku yake hufifia, na kilichofutika hakirudi.