Rejeta Inavuja Tena: Tafuta Kinachoiua

Rejeta ikivuja baada ya miaka mingi ya kazi, ibadilishe uendelee na safari zako. Ikivuja tena muda mfupi baadaye, tena ikiwa mpya, usikimbilie soko la vipuri la Kisekka kununua ya tatu. Kuna kitu kingine ndani ya gari kinachoiua, na usipokipata, kila rejeta utakayofunga itakufa kifo kilekile.

Nayasema haya kwa sababu ya Impreza WRX STI yangu ya mwaka 2011, iliyotoka Japani na injini ya lita 2.0 yenye tabo. Nalilaza hapa Kyambogo. Kampala tuko wengi wenye magari ya namna hii. Mbio za magari za Pearl of Africa zimetulea na mapenzi hayo tangu tukiwa watoto kando ya barabara za vumbi. Lakini gari la kasi mjini hapa haliishi maisha ya kasi. Jioni linatambaa kwenye Jinja Road, Nakawa hadi Banda hadi Kireka, halipati upepo wowote isipokuwa wa feni. Ukitoka kwenye foleni unakutana na matuta na mashimo. Joto jingi, mtikisiko mwingi: hayo ndiyo mazingira ya rejeta yetu.

Rejeta za magari mengi ya siku hizi, ya kampuni karibu zote, zimeundwa kwa njia moja. Katikati kuna kiini cha alumini, na kwenye ncha zake mbili kuna matangi ya plastiki. Plastiki na alumini vimebanwa pamoja kwa meno madogo yaliyokunjwa, na kati yao umewekwa mpira. Plastiki hutanuka na kunywea tofauti na alumini, kwa hiyo kila gari linapopata moto na kupoa, ule mpira unasuguliwa. Baada ya miaka, plastiki nyeusi hugeuka ya kahawia na kuwa kavu. Hapo ndipo mahali dhaifu kuliko pote katika mfumo wenye presha, na kosa lolote la kwingineko huja kupasukia hapo. Lawama huangukia rejeta, mkosaji anabaki salama.

Kabla ya yote, jua maji yanatokea wapi. Kukosa dimbwi chini ya gari si ushahidi wa kitu. Kulanti ikidondokea bomba la tabo hukauka kabla ya kufika chini, unabaki na harufu tamutamu tu ukisimama kwenye taa. Toa kinga ya plastiki iliyo chini ya injini, uangaze tochi kwenye yale meno. Chumvi nyeupe, ya kijani au ya buluu iliyoganda ndiyo njia ya maji. Kisha tafuta fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa kifuniko, gari likiwa baridi kabisa, inapandishwa hadi kama bar 1, na isizidi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Iache itulie. Nashauri kipimo hiki kifanywe alfajiri, kwa sababu kuna rejeta zinazovuja zikiwa zimenywea kwa baridi na kujiziba zikipata moto. Mchana utaambiwa gari ni zima. Kama mshale unashuka na huoni tone, gusa zulia miguuni pa abiria. Likiwa na unyevu, kinachovuja ni kile kirejeta kidogo cha kupasha joto chumbani.

Sasa vifuniko, na hapa naomba subira yako, kwa sababu ndipo penye jibu la magari mengi niliyoyaona. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria wazi huchemka karibu nyuzi 96. Kifuniko cha bar 1.1 hulazimisha mfumo kushika presha, na maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Kikilegea, gari litachemsha kwenye foleni hata kama rejeta ni nzuri. Kikikaza kupita kiasi, presha haina pa kutokea ila kwenye meno ya plastiki. STI ina vifuniko viwili, kimoja cha rejeta na kingine cha tangi dogo la maji lililo juu ya injini. Kazi zao hazifanani, na havibadilishani nafasi. Gari langu gereji moja ilikuwa imelivisha kifuniko cha 1.3, cha mtindo wa magari ya mbio, mahali pa 1.1 ya kiwandani. Kinapendeza kukitazama. Lakini maana yake ni kwamba katika kila safari yenye joto matangi ya plastiki yalibebeshwa presha ya ziada karibu moja ya tano. Soma namba kwenye kifuniko chako leo, injini ikiwa baridi. Usikifungue kamwe ikiwa ya moto: maji yale yatakurukia usoni yakiwa mvuke.

Kifuniko kina vali nyingine ndogo, inayoruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa ya akiba gari likipoa. Ikikwama utauona mpira wa juu wa rejeta umenywea asubuhi. Ukiuona hivyo, badilisha kifuniko.

Kinyume chake ndicho kinachotisha. Ukiamka asubuhi ukakuta mpira ule bado mgumu, umejaa, na gari limelala usiku kucha, hewa ya mlipuko huenda inapenya gasketi ya silinda hedi na kuingia kwenye maji. Injini hii ya silinda zilizolala ina hedi mbili na gasketi mbili, na presha ya ndani ya silinda ni kubwa mno kwa plastiki. Mapovu yasiyokwisha kwenye chupa ya akiba ni dalili nyingine. Kuna dawa ya buluu ya kupimia: mvuke wa juu ya maji hupitishwa humo, na ikigeuka njano, gesi ya moshi imo. Ni kipimo cha dakika chache, na kila mwenye injini ya tabo anapaswa kukidai kabla ya kununua rejeta ya pili. Gasketi ikiwa imekwenda, hakuna rejeta duniani itakayodumu. Kwa gari langu dawa ilibaki buluu.

Kilichokuwa kimebaki kiligunduliwa na fundi mmoja wa Banda, mtu makini ambaye hasemi mengi. Alifungua boneti, akaniomba nishike breki barabara, niachie klachi kidogo tu, wala asiwepo mtu mbele ya gari. "Ssebo," alisema, "usiangalie injini, angalia shingo ya rejeta." Mauntingi za injini zilikuwa zimechoka. Injini ilipoinuka iliuvuta mpira wa juu, na mpira ukaivuta shingo ya plastiki. Kila tuta na kila kubadili gia ilikuwa hivyo. Raba za chini zinazobeba rejeta nazo zilikuwa zimekauka, rejeta ikagonga chuma. Mauntingi mpya na raba mpya ni kazi ya siku moja. Usifunge rejeta mpya juu ya raba za zamani.

Kuhusu maji: wengi hapa husema kulanti ni ya nchi zenye barafu. Si kweli. Ni kweli kwamba maji matupu hubeba joto vizuri zaidi, lakini hula alumini kutoka ndani, na maji ya bomba huacha gamba kwenye vijia vyembamba. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Nunua iliyochanganywa tayari, au changanya nusu kwa nusu na maji yanayouzwa kwa ajili ya betri. Hakikisha ni maji, siyo asidi. Usichanganye aina mbili za kulanti.

Kwa walioongeza vipaza sauti vikubwa au feni za pembeni: waya mbovu wa ethi hupitisha umeme kwenye maji, na alumini hutobolewa vitundu kama vya sindano. Weka waya mmoja wa voltimita kwenye maji na mwingine kwenye hasi ya betri, kila kitu kikiwa kimewashwa. Ikizidi volti 0.1, tafuta ethi iliyolegea.

Dawa za kuziba uvujaji na unga wa manjano nimeona vikitumika. Kwenye injini ya tabo nakusihi uviache. Kinachoziba ufa huziba pia mrija mwembamba unaopooza tabo.

Je, ununue rejeta ya alumini tupu? Ni imara dhidi ya presha, na ikipasuka, mafundi wa Katwe wenye mashine ya agoni wanaweza kuichomelea, jambo lisilowezekana kwa plastiki. Lakini mtikisiko ukibaki palepale, itapasuka kwenye maungio. Nyingine ni nene hata feni zinakosa nafasi. Kwa gari la mjini mimi nilirudi kwenye aina ya kiwandani, nikaitunza.

Kujaza ndiko wengi wanakoharakisha. Kyambogo ni kilima, kwa hiyo mteremko tunao bure: egesha pua ikitazama juu, breki ya mkono, magurudumu yawekewe mawe. Fungua skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya rejeta, mimina polepole mpaka maji yatoke bila mapovu, kisha ifunge. Washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho, binyabinya mipira kwa kitambaa, uongeze maji kwenye tangi dogo. Injini hii hushika hewa, na hewa iliyonaswa hufanya sehemu moja ya hedi iungue huku geji ikikuambia mambo ni shwari. Subiri temostati ifunguke, mpira wa chini upate moto, feni zote mbili zizunguke. Washa eya kondisheni kuhakikisha.

Usilijaribu gari kwenye barabara ya Northern Bypass, upepo wa pale huficha makosa. Lipeleke Jinja Road saa kumi na moja jioni. Kesho yake, kabla ya kuwasha, tazama kiwango kwenye tangi na ubinye mpira wa juu. Kiwango kikiwa palepale na mpira ukiwa laini, rudisha kinga ya chini. Kikiwa kimeshuka na pampu haionyeshi tone, rudi kwenye ile dawa ya buluu kabla hujampa mtu yeyote shilingi.